Moduli Yenye Cheti Inapogoma
Programu inayolinda taarifa nyeti za serikali kuu ya Marekani hutakiwa kusimba data kwa moduli yenye cheti cha FIPS 140. Katika maktaba ya usimbaji ya OpenSSL 3.0, iliyotoka Septemba 2021, moduli hiyo imetengwa kwenye faili lake.

Amri ya fipsinstall hukokotoa alama ya faili hilo na kuiandika kwenye fipsmodule.cnf. Ikibadilika hata baiti moja, moduli hukataa kuwaka, na ni haki yake.

Kosa linalochosha zaidi ni jingine: fundi huwasha moduli ya FIPS peke yake, akasahau ile iitwayo base, ambayo ndiyo husoma mafaili ya funguo. Ghafla funguo za PEM hazisomeki! Kabla ya kugusa msimbo, aandike openssl list -providers aone moduli zipi zimewaka.