Huruma Isiyo na Viza

Tarehe 6 Julai 1938, kwa mwito wa Rais Roosevelt wa Marekani, wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, mji wa Ufaransa ulio kando ya Ziwa Geneva, kujadili hatima ya Wayahudi waliokuwa wakikimbia Ujerumani na Austria. Karibu kila aliyesimama aliwasikitikia wakimbizi, kisha akaeleza kwa nini nchi yake haina nafasi. Ni Jamhuri ya Dominika iliyojitokeza kuahidi kupokea hadi watu 100,000, na waliofika huko hatimaye walikuwa wachache mno. Uingereza, kwa upande wake, ilidokeza kwamba huenda familia chache zingepelekwa Kenya, koloni ambalo wenyeji wake Waafrika hawakuulizwa neno. Ukifuata mambo yalivyokwenda utaona kuwa dunia haikukosa habari za mateso yale. Sheria za Nuremberg za 1935, zilizowavua Wayahudi uraia, zilitangazwa hadharani. Masinagogi yalipochomwa Novemba 1938 na wanaume wapatao 30,000 wakasombwa kupelekwa kambini, magazeti ya dunia yaliandika. Roosevelt alimwita nyumbani balozi wake, lakini idadi ya wahamiaji walioruhusiwa kisheria kuingia Marekani haikuongezwa.

Wapo wanaozitetea serikali hizo kwa kusema kwamba uchumi ulikuwa umeanguka na wananchi wenyewe hawakuwa na kazi. Ni kweli, shida ilikuwepo. Lakini mwaka 1933 sheria ya Marekani iliruhusu viza 25,957 kwa waliozaliwa Ujerumani, na zilizotolewa ni 1,241 tu, huku makumi ya maelfu wakiwa kwenye orodha ya kusubiri. Nafasi zilikuwepo kisheria, zikaachwa wazi. Utetezi mwingine una uzito zaidi: kwamba mwaka 1938 hakuna aliyejua kuwa yangekuja mauaji ya halaiki. Nakubali, kwa kuwa mauaji hayo yalianza mwaka 1941. Hata hivyo, mtu aliyenyang'anywa uraia, kazi na nyumba anastahili hifadhi kwa hayo tu, bila kungoja auawe. Na kwamba iliwezekana kumpokea, Uingereza yenyewe ilithibitisha: baada ya Novemba ile iliruhusu watoto wapatao 10,000 kuingia, ingawa wazazi wao, kwa sehemu kubwa, waliachwa nyuma.

Ushahidi mzito kuliko wote ni wa meli St. Louis, iliyong'oa nanga Hamburg Mei 1939 ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Cuba ilikataa kuwapokea isipokuwa wachache, Marekani na Kanada nazo hazikuwafungulia, meli ikarudi Ulaya. Abiria 288 walipokelewa Uingereza, na wote walinusurika vita isipokuwa mmoja aliyeuawa na shambulio la ndege mwaka 1940. Wengine 620 waligawanywa kati ya Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, nchi ambazo Ujerumani ilizivamia mwaka uliofuata. Kati yao, 254 waliangamia.