Kiti Kilichoangushwa kwa Kura

Mtu asimamaye Soweto, hapa mjini Moshi, asubuhi isiyo na mawingu, huuona mlima wote, tangu migomba ya miteremkoni hadi theluji ya Kibo. Wafanyakazi hupita chini ya mlima huo kila siku wakienda kazini, na wengi wao hawajui kwamba katika miteremko ile, mwezi wa Februari 1960, watu wa kawaida walikiangusha kiti cha enzi. Hawakushika mkuki wala panga. Walishika karatasi ya kura.

Habari hii yafaa isimuliwe tena, kwani ina funzo kwa kila mwenye cheo, kiwe kikubwa ama kidogo.

Wachagga wa zamani hawakuwa na mfalme mmoja. Machame, Kibosho, Moshi ya Kale, Marangu na kwingineko, kila upande ulikuwa na Mangi wake, na mara nyingi Wamangi hao walipigana wao kwa wao. Wajerumani walipokuja waliwatumia waliokubali na kuwaangamiza waliokataa. Mangi Meli wa Moshi ya Kale alinyongwa mwaka 1900. Waingereza nao wakapanga upya. Mwaka 1946 waliigawa Uchagga katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na juu ya kila sehemu wakaweka Mangi Mwitori. Vyeo viliongezeka, lakini raia hakuulizwa.

Raia huyo, hata hivyo, hakuwa mtu wa kuburuzwa. Alikuwa mkulima wa kahawa aliyekwisha kujifunza umoja katika chama cha ushirika, K.N.C.U., tangu mwaka 1933. Mwaka 1949 ikaundwa Kilimanjaro Chagga Citizens Union, na Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake. Dai lao lilikuwa moja: awepo Mangi Mkuu wa Wachagga wote, naye achaguliwe na watu wenyewe. Mwaka 1951 watu wakapiga kura, wakamchagua Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, kijana msomi aliyepata elimu Uingereza. Akasimikwa mwaka 1952 kwa shangwe kubwa.

Tusimnyime Marealle haki yake. Siku zake Wachagga walipata bendera yao na gazeti lao, Komkya, na mwaka 1957 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaisemea Tanganyika. Hakuwa mtu mjinga, wala hakuwa mvivu. Kasoro ilikuwa katika kiti chenyewe. Kiti kilichotolewa kwa kura kilianza kutazamwa kama mali ya aliyekikalia. Watu wakaanza kuulizana: Je, tulimchagua kwa muda gani? Akikosea, nani atamhoji? Akichoka, nani atampokea, ni mtoto wake au ni yule tutakayemtaka sisi?

Maswali hayo yalibebwa na Solomon Eliufoo, mwalimu kutoka Machame, na chama cha Chagga Democratic Party. Wakati huo TANU ilikuwa imekwisha kueneza nchini kote fikra kwamba utawala ni wa watu na kwamba Tanganyika ni nchi moja. Hatimaye watu wakaulizwa kwa kura: mwataka Mangi Mkuu, au mwataka rais mtakayemchagua kwa muda maalumu? Wengi wakajibu kwamba wanataka rais. Marealle akaondoka kitini, na Eliufoo akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga. Baadaye, nchi ilipokwisha kupata uhuru, akawa Waziri wa Elimu.

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Wachagga hawakungoja. Walimpandisha wenyewe, na wenyewe wakamteremsha, katika muda usiozidi miaka tisa.

Sasa tuvuke bahari kidogo, tutazame Zanzibar, ambako kiti cha enzi kilianguka kwa njia nyingine. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini kikapewa viti 13 tu kati ya 31. Waliokuwa wengi kwa hesabu ya watu wakawa wachache kwa hesabu ya viti. Uhuru wa Desemba 10, 1963 ukaja na Sultani juu yake. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, Mapinduzi yakatokea. Sultani Jamshid bin Abdullah akakimbia kwa meli, akaishi Uingereza miaka mingi, na akafariki Oman mwaka 2024. Damu nyingi ilimwagika Unguja. Wenye kulaumu panga wajiulize kwanza kura ilikwenda wapi. Mlango wa haki ukikomewa, watu huvunja ukuta.

Basi huu ndio usemi wetu. Hakuna kiti kisichoweza kuanguka. Wanadamu huchagua tu jinsi ya kukiangusha, na hiari hiyo iko mikononi mwa mwenye kiti kabla haijawa mikononi mwa watu. Akiiacha njia ya kura wazi, ataondoka salama na jirani zake watamwamkia. Akiiziba, hajui ataondoka vipi.

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika iliyafuta mamlaka ya machifu nchini kote, na aliyeiongoza Serikali hiyo, Julius Nyerere, mwenyewe alikuwa mtoto wa Mtemi. Lakini kufuta cheo katika sheria ni rahisi kuliko kukifuta katika moyo wa mtu. Yuko mwenyekiti wa tawi anayekasirika akisikia mwingine amechukua fomu. Yuko kiongozi wa ushirika asiyetaka kusoma hesabu mbele ya wakulima. Yuko katibu wa chama cha wafanyakazi anayewaita wanachama watu wake. Hao hawana ngozi ya chui wala ngoma za kusimikwa, lakini ni Wamangi wasiosimikwa na mtu.

Wanachama na wafanyakazi tusiwaonee haya. Tuwaulize maswali yale yale waliyoulizana wakulima wa kahawa: tulikuchagua kwa muda gani, na nani atakuhoji? Anayejibu kwa uwazi tumheshimu. Anayekasirika tumkumbushe habari ya Februari 1960, tena tumkumbushe mapema, wakati karatasi ya kura ingali yatosha.