Utani Katika Ofisi ya Chama

Katika vyama vingi vya msingi vya Bagamoyo na pwani yake, mwanachama hafiki mezani kwa katibu ila ametanguliza neno la mzaha. Wako waonao kuwa huo ni upungufu wa adabu ya kazi, nao hutaka ukomeshwe kwa tangazo la ukutani. Shauri hilo si jema, maana utani si upuuzi mtupu, bali ni desturi yenye haki na wajibu wake.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Tabora na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walishuka kwa maelfu na pembe za ndovu, wakapita katika nchi ya Wazaramo na jirani zao, kisha wakakaa mjini majuma mengi wakingoja mizigo ya kurudi nayo. Watu hao walihitajiana na pia waligombana, na utani ukawapatia njia ya kuambiana maneno mazito pasipo kushikana mashati, na ya kuzikana ugenini. R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Usambara, aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1944. Siku hizi watani wa ofisini huwa pia washabiki wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936. Na Jumatatu baada ya timu hizo kukutana, kazi huchelewa kuanza.

Tuseme ni msimu wa ufuta. Mzee wa Kizaramo ashusha gunia, amkuta karani wa mizani ni Msukuma. "Nani aliyempa mtumwa wangu kalamu?" auliza kwa sauti. Karani ajibu: "Yule yule aliyekununua kwa kibaba cha chumvi. Weka gunia, kisha upande na wewe nikupime!" Foleni yote yacheka, na jua lapungua ukali. Lakini mzee aongeza, naye angali akicheka: "Nyumbani gunia hili lilikuwa na kilo mbili zaidi. Au mizani nayo ni mtani wangu?"

Hapo ndipo katibu apaswapo kutega sikio. Mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo mwingine angelimeza kwa haya au hofu, na aghalabu lalamiko la kweli huingia ofisini likiwa limevaa kicheko. Gunia na lipimwe tena mbele ya mwenyewe, kisha stakabadhi iandikwe. Katibu ajibuye kwa mzaha mwingine, gunia likapita, amemdhulumu mwanachama, hata kama mizani ilikuwa sahihi, kwa kuwa mzee ataondoka bila kujua. Mwakani huenda akamuuzia ufuta wake mlanguzi wa njiani.

Yako pia maneno yasiyo utani. Mtani wa kweli hujibu, tena hujibu kwa ukali ule ule. Kibarua achelewaye kuandikwa kazini, au karani msichana ataniwaye na mwenyekiti juu ya umbo lake, hawezi kujibu. Kicheko chake ni cha woga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya kabila, jinsia, ulemavu na nyinginezo, nayo inahesabu unyanyasaji kuwa namna ya ubaguzi. Hata neno "mtumwa" lataka uangalifu katika mji ambamo watu waliuzwa kweli: lisitamkwe ila kwa mtani anayejulikana, wala lisiandikwe katika kundi la simu la chama, ambamo msomaji haoni uso wa msemaji.

Muhtasari wa mkutano haubebi mzaha, na jambo hilo halihitaji maneno mengi.

Limebaki suala la msiba, ambalo huwasumbua watunza fedha. Afapo mtumishi, watani huja kuigiza mwendo wake, hulizuia jeneza, na hudai walipwe ndipo waliachie. Wana haki ya kudai, na kicheko chao huwapumzisha wafiwa. Lakini fedha hizo hutoka mifukoni mwa ndugu na marafiki; kasha la chama halihusiki, wala hakuna fungu lake katika makisio ya mwaka.