Safari ya Manhattan iliyoishia melini

Julai 1989, mpenzi wa filamu za kutisha nchini Marekani alipofika dirishani kukata tiketi alijua anachokifuata. Jina lilishamwahidi: Friday the 13th Part VIII: Jason Takes Manhattan. Yule muuaji wa kinyago cha magongo ya barafuni, aliyezoea kuvizia vijana kambini Crystal Lake, sasa anaingia mjini. Tena mji gani, New York!

Akaketi, akangoja. Nusu saa, meli. Saa nzima, bado meli. Wanafunzi waliohitimu wamo safarini, Jason kajificha humo humo, anawamaliza mmoja mmoja. (Chombo hicho kilitokaje ziwani kikaibukia bahari ya Atlantiki? Mashabiki wangali wanaulizana.) Mji unapotokea, filamu imebakiza kama theluthi moja, na hata hapo vichochoro vingi ni vya Vancouver, Kanada.

Kisa ni mfuko. Rob Hedden, mwandishi na muongozaji, alitaka Jason atambe Broadway, Daraja la Brooklyn, mpaka kwenye Sanamu ya Uhuru. Studio ya Paramount ikapiga hesabu, ikaona New York inakula pesa; karibu yote yakafyekwa, ikasalia Times Square usiku. Jina tu ndilo halikuguswa.

Haki yake ipewe, lakini. Juu ya paa, bondia kijana Julius anamporomoshea Jason ngumi mpaka mikono inaishiwa nguvu, kisha anamkaribisha naye arushe yake. Jason anarusha moja. Kichwa kinang'oka na kutumbukia kwenye pipa la taka. Laiti filamu nzima ingekuwa na uchangamfu huo! Badala yake inafungwa na mafuriko ya taka za sumu mtaroni, Jason anageuka mtoto, maelezo hakuna.

Ikaingiza dola milioni 14 na ushei nchini Marekani, chini ya zote saba zilizotangulia. Ile ya kwanza ya 1980, iliyotengenezwa kwa chini ya dola milioni 1, iliingiza takriban milioni 40. Iliyofuata, ya 1993, ilitolewa na studio ya New Line, si Paramount tena.

Hata bango lilizua ugomvi. La awali lilimwonyesha Jason akichana kwa kisu nembo ya utalii ya New York, ile yenye moyo mwekundu. Watu wa utalii wakalalamika, likaondolewa. Ndani ya filamu, Jason akishatia mguu mjini, anakutana na tangazo kubwa lenye kinyago kama chake. Anasimama, anainamisha kichwa upande, analitazama.