Atomu Hukaa Muda Gani Ndani ya Kizuizi?

Nafundisha fizikia sekondari, na swali linalonisisimua kuliko yote ni hili: chembe ikipenya kizuizi ambacho nishati yake haitoshi kukivuka, hutumia muda gani humo ndani? Wanafizikia wamebishana tangu miaka ya 1930. Nadharia ya kwanta ina kanuni ya kupima mahali chembe ilipo na mwendo wake, lakini haina ya kupima muda. Humo muda ni kama saa ya ukutani: inaonekana, lakini haishiriki mchezo. Basi chembe yenyewe lazima ibebe saa yake.

Mwaka 2020, Aephraim Steinberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitangaza kuwa wameweza kuupima muda huo. Walipoza atomu za rubidi hadi karibu na sifuri kamili, wakazielekeza kwenye kizuizi cha mwanga wa leza chenye unene wa takriban mikromita 1.3. Saa yao ilikuwa spini ya atomu, sifa ya kikwanta inayoelekea upande fulani kama sindano ya dira, nayo iligeuka humo kizuizini tu. Kadiri ilivyogeuka ndivyo walivyosoma muda. Walipata takriban milisekunde 0.61.

Kumbe kupenya huchukua muda, angalau kwa saa hiyo ya spini. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu: ukiuliza muda, taja kwanza saa utakayoupimia, kwani saa ya aina nyingine yaweza kutoa jibu jingine.