Gari la Marehemu Lataka Tabo

Atokaye Likoni kwenda Kwale hupinda kulia pale Kombani, na kuanzia hapo barabara haina kazi nyingine ila kupanda. Minazi huachwa chini, upepo hugeuka ubaridi, na ukitupa jicho nyuma waiona bahari imelala kama mkeka. Mji wa Kwale uko kiasi cha mita 400 juu ya bahari. Kwa gari tupu si neno. Kwa Land Cruiser iliyopakia watalii saba na masanduku yao ya maji, kilima hicho ni mtihani.

Mtihani huo ndio ulioleta maneno nyumbani kwetu. Ndugu yangu, Mungu amrehemu, aliacha mjane, watoto watatu na gari moja. Ni Land Cruiser ndefu, ya paa la kufunguka, aliyokuwa akichukulia wageni katika mahoteli ya Diani kuwapeleka Shimba Hills wakawatazame ndovu na palahala, na mara nyingine Tsavo. Mimi nikawa msimamizi. Mtoto mkubwa, kijana wa miaka 23, ndiye aendeshaye. Wadogo zake wawili, wasichana, wangali shule. Kwa hiyo kila shilingi itokayo katika gari lile ina wenyewe, na mmoja hana haki ya kula ya wenziwe.

Jioni moja baada ya magharibi kijana alinijia barazani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ami, gari lataka tabo."

Mamangu alikuwa ndani, masikio yake bado mazima. "Taabu?" akauliza. "Taabu si tunazo tele? Ya nini kutafuta nyingine?"

Tulicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Bei aliyotajiwa ilizidi karo ya mwaka mzima ya wale wasichana wawili.

Yafaa nieleze tabo ni kitu gani, maana vijana wetu huitaja kama vile ni dawa ya kunywa. Injini huishi kwa pumzi. Huvuta hewa, hewa huchanganyika na mafuta, moto ukawaka, moshi ukatoka kwa ekzosi. Moshi ule hutoka kwa kasi na joto jingi, ukapotea bure. Mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, aliuonea uchungu upotevu huo, na mwaka 1905 akaandikisha hataza ya chombo cha kuutumia. Chombo chenyewe ni magurudumu mawili madogo, kama mapanka, katika mhimili mmoja. Moshi hulizungusha la kwanza. La pili huzunguka nalo, likasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikizidi, na mafuta yaweza kuzidi, na nguvu ikazidi. Katika miaka ya 1920 meli za abiria za Ujerumani zilitiwa vyombo hivi, na injini zilizokuwa na nguvu za farasi 1,750 zikafikia 2,500. Katika magari madogo mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao huelea juu ya oili ya injini ile ile. Oili ikiwa chafu, au dereva akiizima injini ghafula baada ya kupanda mlima, chombo hufa.

Kijana alikuja na hoja zake. Ya kwanza ilikuwa Safari Rali. Alizitazama picha za zamani akaona Toyota Celica zenye tabo zikiruka matope: Björn Waldegård akishinda mwaka 1984, Juha Kankkunen mwaka 1985, na Waldegård tena mwaka 1986. Nikamwambia ni kweli, lakini kabla ya hao, Shekhar Mehta, dereva wetu wa Kenya, alishinda miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, kwa Datsun isiyo na tabo. Na zile Celica zilitoka kiwandani zikiwa na tabo tayari, na nyuma yake gari la mafundi lililojaa vipuri. Yeye nyuma yake ana nani? Ana mimi, na mimi hata springi sijui kufunga.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi. "Ami, Toyota wenyewe wametengeneza injini mbili za ukubwa mmoja. Moja ina tabo na ndiyo yenye nguvu." Hapo alisema kweli. Gari letu lina injini ya 1HZ, silinda sita, ukubwa wa sentimita 4,164 za ujazo, nguvu za farasi kiasi cha 130. Nduguye, 1HD-T, ni wa ukubwa huo huo, wote wawili walitoka mwaka 1990, naye kwa tabo yake apita 160.

Nilishindwa kumjibu. Tukaenda Ukunda kwa fundi mmoja mzee, ambaye kazi yake ni dizeli tu.

Fundi alimsikiliza kijana mpaka mwisho, akafuta mikono. "Mwanangu," alisema, "hao si ndugu kama udhaniavyo. Hii yako hubana hewa mara 22 kabla ya moto kuwaka. Yule mwenye tabo hubana mara 18 na kitu. Kwa nini? Kwa sababu hewa yake yaingia imeshabanwa. Isitoshe, moto wa hii huanzia katika chumba kidogo ndani ya hedi, na joto hukaa pale pale. Yule hana chumba hicho. Dizeli yake hupigwa juu ya pistoni moja kwa moja. Ukimtwika huyu hewa ya yule, abeba. Lakini abeba kwa joto."

Kijana akauliza kama basi haiwezekani. Fundi akasema yawezekana sana, watu wengi hufanya, na wengine magari yao yameishi miaka. Hao ni wale waliotia shinikizo dogo, pauni 7 hivi, wakaweka geji ya joto la ekzosi na wakaitazama. Mafundi wengi hawapendi geji hiyo ipite nyuzi 700. Wanaoharibikiwa ni wale wanaofungulia pampu ya dizeli kila wiki, kwa sababu ya utamu.

Mfano wa hao ninao. Mtu mmoja wa Msambweni alitia tabo katika pikapu yake ya kupelekea maembe Kongowea. Miezi kumi alitamba. Pale barazani tulikuwa tukimjua kwa mluzi wa gari kabla hatujaliona, na vijana wakisimama kutazama. Kisha asubuhi moja, karibu na Waa, hedi ikapasuka, maji yakaingia katika oili, gari likasimama na shehena nzima. Siku ile maembe yaliuzwa kando ya barabara kwa bei ya kugawa. Pikapu nayo ingali nyuma ya nyumba yake, kuku wanalalia.

Lakini lililonishangaza kwa yule fundi ni kwamba hakuanza na injini. Alizunguka gari mara moja, akasimama mbele ya gurudumu.

"Matairi haya nani aliyaweka?"

Kijana akatazama chini. Aliyaweka yeye, mwaka uliopita, mapana na marefu kuliko ya asili, kwa sababu yapendeza. Fundi akaeleza kwamba gurudumu likiwa refu, kila mzunguko injini huvuta masafa marefu zaidi, na ni sawa na kupanda mlima kwa gea isiyo yake. Kisha akafungua chujio la hewa, akalipiga chini mara moja. Vumbi jekundu la Tsavo likamwagika juu ya viatu vyangu. Akatupa habari ya mwisho: ule moshi mweusi tuuonao Kombani ni dizeli iliyokosa hewa, na nozeli zilizochoka zaidi ya kazi yake.

Basi hatukutia tabo. Tulirudisha matairi ya kiasi chake, tukabadilisha chujio na nozeli, vali zikapimwa. Gharama haikufika robo ya ile ya kwanza. Jumamosi iliyofuata nilikaa mbele, wageni sita nyuma, tukaikabili Kombani. Palipokuwa pakitaka gea ya pili tulikwenda na ya tatu, isipokuwa kona moja. Moshi ulikuwapo, lakini wa kuutafuta kwa macho.

Kijana hakufurahi kama nilivyotaraji. Namwelewa. Alitaka kuusikia ule mluzi, na wenzake Diani wausikie. Babake naye alikuwa hivyo hivyo. Gari lake la kwanza alilitia honi tatu kabla ya kulitia breki nzuri.

Tukapatana hivi: karo itangulie, ya wasichana wote wawili, ya mwaka mzima. Tabo, ikiwa itakuja, itoke katika fungu lake mwenyewe la msimu wa wageni, na geji itangulie tabo. Geji ameshainunua. Iko juu ya dashibodi, na ana daftari anamoandika joto la kila safari, kilima kwa kilima.

Jana alirudi Shimba Hills akaniletea daftari barazani. Mstari wa mwisho uliandikwa: Kombani, wageni saba, nyuzi 590. Akaweka kidole juu ya tarakimu ile.

"Ami," akasema, "toka 590 mpaka 700, si kuna nafasi hapo?"

Nikamwambia aniachie daftari mpaka asubuhi.