Je, Wajua? Shangazi, Shemeji na Wapenzi wa Jin Yong

Je, wajua kwamba gazeti la Ming Pao la Hong Kong lilizaliwa siku moja na hadithi ya mapenzi? Toleo la kwanza lilitoka tarehe 20 Mei 1959, na ndani yake ikaanza Shendiao Xialü, kisa cha Yang Guo na Xiaolongnü. Mmoja wa waasisi wa gazeti ndiye aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi: Zha Liangyong, anayejulikana kwa jina la Jin Yong. Riwaya zake ni za wuxia, yaani mashujaa wa upanga wanaoruka juu ya mapaa huku wakikutana na wafalme na vita vya kweli vya historia ya China. Zilitoka gazetini kipande kwa kipande, kila kimoja kikiishia penye "itaendelea".

Wajua Yang Guo alimwitaje mpenzi wake? Shangazi. Neno lenyewe ni gugu, dada wa baba. Hawakuwa ndugu wa damu. Xiaolongnü alimpokea akiwa yatima aliyeikimbia shule ya watawa waliomtesa, akamfundisha mapigano ndani ya kaburi la kale. Katika China ya enzi ya Song, mwalimu alihesabiwa mzazi, kwa hiyo mwanafunzi kumwoa mwalimu wake kulikuwa uchafu sawa na kuoa ndani ya ukoo. Yang Guo alipokua, akatamka mbele ya mkutano mzima wa mashujaa kwamba hataki mke mwingine. Guo Jing, shujaa mwenye heshima kuliko wote pale, aliinua kiganja amuue, akashindwa.

Na Guo Jing huyo Yang Guo alimwita bobo, yaani kaka wa baba. Kwetu ni baba mkubwa, basi, wala hakuna cha kueleza. Msomaji wa Kiswahili anaingia katika riwaya hizi akiwa na funguo mkononi: baba mkubwa na baba mdogo, shangazi na mama mdogo, binamu na shemeji. Kila jina lina mipaka yake na deni lake, na mapenzi ya Jin Yong hukwama au hukwamuka palepale penye jina.

Je, wajua kwamba undugu huo wa Guo na Yang ulitokana na kiapo? Katika riwaya iliyotangulia, Shediao Yingxiong Zhuan (1957 hadi 1959), Guo Xiaotian na Yang Tiexin ni marafiki walioapa kuwa ndugu, kama wazee wetu walivyochanjiana. Wake zao wote wawili ni wajawazito. Wanakubaliana: wakizaliwa wavulana watakuwa ndugu, wakizaliwa wasichana watakuwa dada, na akizaliwa mvulana na msichana wataoana. Wanazaliwa wavulana. Guo Jing anakulia Mongolia, ambako Genghis Khan anamwahidi kumwoza binti yake, na Yang Kang anakulia katika kasri la mwana wa mfalme wa dola ya Jin, adui wa taifa lake, akimwita huyo adui baba.

Majina ya watoto hao, Jing na Kang, yanatokana na Jingkang, kipindi cha aibu ambapo majeshi ya Jin yaliwateka wafalme wawili wa Song mwaka 1127.

Yang Kang alikufa kabla kiapo hakijatimia. Guo Jing hakukubali kife pamoja naye: alitaka kumwoza Yang Guo, mtoto wa marehemu, binti yake Guo Fu. Guo Fu huyohuyo ndiye aliyekuja kumkata Yang Guo mkono wa kulia kwa upanga. Sijui kiapo kingine cha riwaya kilichovunjwa kikatili hivyo na watu ambao kila mmoja wao alidhani yuko kwenye haki.

Je, wajua kwamba Yang Guo alibadilishiwa mama? Gazetini mama yake alikuwa Qin Nanqin, msichana mkamata nyoka. Miaka ya 1970, Jin Yong alipozipitia upya riwaya zake, alimfuta Qin Nanqin kabisa, na mtoto akawa wa Mu Nianci, mwanamke aliyempenda Yang Kang kwa dhati hali akiujua uovu wake. Nasaba ikanyooka, na uchungu wa mtoto ukaongezeka: sasa ametoka katika penzi la kweli lililomwangukia mtu asiyelistahili.

Wajua kwamba katika riwaya yake ya kwanza kabisa, ya mwaka 1955, Mfalme Qianlong anagundulika kuwa ndugu wa damu wa kiongozi wa waasi? Uvumi kwamba mfalme huyo wa Kimanchu alikuwa mtoto wa Kihan ulikuwa ukisimuliwa Haining, mji aliozaliwa Jin Yong mwaka 1924.

Je, wajua kuhusu Duan Yu, mwanamfalme wa Dali ambaye kila msichana anayempenda anageuka kuwa dada yake? Ni katika Tianlong Babu, iliyoanza mwaka 1963. Mu Wanqing ni dada. Zhong Ling ni dada. Wang Yuyan, anayemwabudu kuliko wote, naye dada. Baba yao, Duan Zhengchun, alikuwa na wapenzi kila upande. Mwishoni mama yake Duan Yu anamfichulia siri kabla ya kukata roho: kwa hasira ya kusalitiwa, alilala usiku mmoja na ombaomba aliyejeruhiwa, na huyo ndiye baba halisi. Uzinzi wa baba ulifunga milango yote, kisasi cha mama kikaifungua. Hata hivyo, katika marekebisho ya mwanzoni mwa karne hii, Jin Yong alimwondoa Wang Yuyan kwa Duan Yu akamrudisha kwa binamu yake, Murong Fu. Wasomaji wengi waliumia, nami naungana nao.

Na je, wajua kwamba macho ya Azi yalipofushwa na mwandishi mwingine? Mwaka 1965 Jin Yong alisafiri Ulaya, akamwachia rafiki yake Ni Kuang kalamu ili gazeti lisikose kipande. Ni Kuang hakumpenda Azi, binti mkatili wa Tianlong Babu, akampofusha. Jin Yong aliporudi alikuta kipande hicho kimeshachapwa. Baadaye alipunguza sana sehemu za Ni Kuang, lakini upofu akauacha, akaujengea kisa. You Tanzhi, kijana ambaye Azi mwenyewe alimvisha kinyago cha chuma kichwani, anampenda hata anamtolea macho yake. Azi hamtaki. Anampenda Xiao Feng, shemeji yake, mtu aliyemuua dada yake Azhu bila kujua, na ambaye Azhu alimwomba amtunze mdogo wake. Xiao Feng anapojiua kwenye lango la Yanmen, Azi anayang'oa macho yale na kumrudishia mwenyewe, anambeba Xiao Feng, anatembea hadi ukingoni mwa genge na kutumbukia naye. Kazi ya muda mfupi ya kalamu ya kuazimwa ndiyo iliyozaa mwisho huo.

Wajua kwamba shujaa wa Yitian Tulong Ji, Zhang Wuji, alipewa jina la mtoto wa baba yake wa hiari, Xie Xun, mtoto aliyeuawa akiwa mchanga? Na kwamba Wei Xiaobao, katika riwaya ya mwisho ya Jin Yong, iliyokamilika mwaka 1972, ana wake saba?

Je, wajua kwamba Xiaolongnü, akiwa amekolewa na sumu, alichora mwambani ahadi ya kukutana na mumewe baada ya miaka 16, akajitupa bondeni? Alitaka tu mumewe asife naye. Yang Guo alingoja miaka yote hiyo.

Mwishoni mwa kungoja huko ndipo Guo Xiang, mdogo wake Guo Fu, alipomsikia Yang Guo akisifiwa, usiku wa theluji kwenye kivuko cha Fengling. Hakuolewa kamwe. Alimtafuta nchi nzima, na alipofika miaka 40 akawa mtawa, akaanzisha shule ya mapigano ya Emei. Mwanafunzi aliyemrithi aliitwa Fengling.